Fundi Timazi na Nyumba za Tundra

Kama hujakaa kwenye benchi la Vestina muuza kahawa, njia ya kwenda Kabanga, basi Kasulu umepita tu, hujafika. Pale kahawa ni chungu, karanga ni za moto, na hakuna jambo la dunia hii linalowashinda watu kujadili. Asubuhi hiyo ya Juni ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, na Anatoli, fundi mjenzi ambaye mji mzima unamwita Timazi, kwa jina la ile kamba ya kupimia ukuta kama umenyooka, alikuwa amenuna. Binti yake Careen, injinia wa majengo, ameitwa kazini miaka miwili kaskazini mwa Kanada, kwenye barafu, ambako nyumba za watu zinazama. Jibu linatakiwa kabla ya saa sita mchana, na binti kasema bila baraka za baba haendi. Baba hajasema ndiyo wala hapana. Kaja kijiweni kubisha.

— Nchi gani hiyo inayomeza nyumba? — alianza Timazi.

Mwalimu Ridhiwani, mtu wa Lindi anayefundisha jiografia, ndiye aliyejibu. Wanamwita Koti Mbili, na siku hiyo alikuwa amezivaa zote.

— Inaitwa tundra, mzee wangu. Miti hakuna, na ardhi imeganda tangu enzi za mababu wa mababu. Sasa dunia imepata joto, ile barafu ya chini inayeyuka, nyumba zinakwenda upande. Wahenga walishasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Sasa nyumba inataka nini mvunguni?

— Hilo waulizwe wahenga.

— Na baridi yake?

— Nyuzi arobaini chini ya sifuri.

— Chini ya sifuri kuna nini tena?

— Kuna sifuri nyingine, imeganda.

Floribert aliangua kicheko. Huyu ni Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, muuza vitenge, na kibali chake cha kutoka kambini hakimtoki mfukoni. Wanamwita Papaa.

— Miye niko nasema hivi, — alisema Papaa. — Hii udongo mwekundu ya Kasulu, tupakie ndani ya ndege. Ndege kumi, makumi mbili. Tumwange kule juu ya ile mayi yote, tushindilie. Mambo inaisha!

— Ndege ishirini hazitoshi, — alisema Koti Mbili. — Labda tuwapelekee na ng'ombe, wakanyage.

— Ng'ombe wa nini? — Timazi alipandisha sauti. — Wale watu hawana fundi! Mimi nimefyatua matofali mwezi huu huu wa Juni, alfajiri, miguu kwenye tope mpaka magotini, na nikaimba. Muha hatishwi na baridi! Nyumba mia moja na nane nimesimamisha, kuanzia Titye mpaka Busunzu, nenda kazitazame. Hakuna yenye ufa!

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, — alisema Koti Mbili.

— Ndiyo maana fundi mwenye akili hazibi! Atapata wapi kazi ya ukuta?

Benchi zima lilicheka, lakini Timazi hakucheka. Ukweli ni kwamba alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilimtia aibu. Careen alianza kumshikia kamba ya msingi akiwa hajajua hata kusoma. Nchi inayomeza nyumba nzima, mtoto wa mtu itamwachaje?

Vestina alikuwa akikung'uta birika kumpa Papaa tone la mwisho pale Careen alipofika, simu mkononi.

— Mwakeye, baba, — alisalimia kwa Kiha. — Shikamooni wazee.

— Ego, mwanangu. Marahaba. Umekuja kuniuliza?

— Nimekuja kukuuliza, baba. Lakini si habari ya safari.

— Uliza. Habari ya ujenzi hainishindi.

— Ulinifundisha kwamba msingi unachimbwa mpaka sururu igonge pagumu, hapo ndipo unaposimamia.

— Ego! Na hapo ndipo nyumba zangu zote zimesimama.

— Kule walifanya hivyo hivyo. Walichimba, sururu ikagonga pagumu, wakajenga, wakazaa wakajukuu humo. Kumbe ule ugumu ni barafu, na sasa unageuka tope. Sasa baba, unasimamia wapi?

Timazi alitazama chini, akapiga ardhi kwa kisigino mara mbili, kama mtu anayejaribu kitu. Koti Mbili alikohoa. Papaa, mwenye ndege zake ishirini, alichungulia ndani ya kikombe.

— Wamekuita uwajibu hilo? — aliuliza Timazi hatimaye, polepole.

— Wameniita tukalitafute pamoja, wao na mimi.

— Kuna mwingine wa huku aliyeitwa?

— Hakuna, baba. Ni mimi tu.

Mzee alinyoosha mgongo pale pale alipoketi, na uso ukamkunjuka. Furaha alishindwa kuificha, wala hakutaka.

— Wajibu sasa hivi, nikikuona. Waambie unakuja. Na waambie baba yako ni fundi wa Kasulu, nyumba mia moja na nane, na hilo ulilomuuliza hajui. Wajue wamemwita mtu wa kazi.