Mashine Chini ya Gunia

Benchi la kijiwe cha kahawa lilikuwa na miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, na aliyekaa upande wa tofali alijua kuwa akicheka kupita kiasi atawaangusha wenzake. Liliegemea ukuta wa duka la kukodisha kanda za video. Mwenye duka walimwita Deki, maana ndiye aliyeleta deki ya video ya kwanza mtaani, enzi hizo watu wakijazana sebuleni kwake mpaka dirishani. Kahawa iliuzwa na mkewe, Mama Birika, aliyekaa na jiko lake pembeni kidogo, akisikia kila neno na kujifanya hasikii. Jioni hiyo Deki alikuwa na lake moyoni. Chini ya kaunta, ndani ya boksi lililofunikwa gunia, kulikuwa na mashine mpya ya kuchezea diski. Alikuwa ameinunua, pamoja na diski za kukodisha, kwa akiba ya mabati ya jikoni. Mkewe hakujua, na diski zisingekodiwa hata moja, kwa kuwa mtaa mzima hakuna mwingine mwenye mashine. Kusema kweli, Deki alikuwa anaogopa.

— Jamani, alianza, kwa sauti ya mtu asiyehusika. Hizi mashine za diski mnazionaje? Watu watanunua?

— Wanunue na nini? alidakia Wembe, kinyozi wa jirani. Bei yake umeisikia? Mimi niliuliza pale dukani, muuzaji akanitazama viatu kwanza.

— Akakujibu?

— Alinijibu alipomaliza kuvitazama. Nikamwambia asante, nilikuwa naulizia tu ni saa ngapi.

Waya, fundi redio, alitikisa kichwa kama daktari.

— Bei itashuka. Redio nazo zilikuwa hivyohivyo. Subirini watu wanunue kwanza.

— Watanunuaje na bei haijashuka?

— Si ndiyo wasubiri ishuke!

— Itashuka lini?

— Watu wakinunua.

— Waya, ndugu yangu, leo umevuta sana moshi wa kuchomelea redio zako.

Deki alikiweka kikombe chini.

— Lakini picha yake safi, alisema. Hairukiruki. Na haina habari ya kurudisha kanda mwanzo.

— Usafi huo ndio ubaya wenyewe! alisema Wembe. Shemeji yangu ameiona kwa bosi wake. Anasema unaona mpaka chunusi za mwigizaji. Sasa mimi nilipe pesa yote ile nikaangalie chunusi, wakati kutwa nzima kazini naziona bure?

— Nyinyi hamjui kitu, Waya alishusha sauti, akawavuta karibu. Ile bei wameiweka makusudi. Wanawauzia matajiri kwanza, waone kama inalipuka. Isipolipuka, ndiyo tunaletewa sisi.

— Acha bwana!

— Na tukishanunua, stoo tayari wana nyingine, ndogo kama kifungo cha shati. Tukinunua kifungo, wanaleta kidonge.

— Kidonge cha nini?

— Cha filamu. Unameza na maji, unafumba macho, unaangalia.

— Na mke wangu akitaka kuangalia?

— Kila mtu na chake. Hapo ndipo penye biashara.

— Na tumbo likivuruga katikati ya filamu?

— Basi tena, mwisho wake huujui.

Benchi likayumba, tofali likalia. Wembe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa taulo la kazini. Deki peke yake hakucheka. Aliwapenda watu hawa, lakini kila walipofungua mdomo aliona mabati yake yakiruka na upepo. Mvua iliyopita mkewe alipika akihamisha sufuria kukwepa matone ya paa.

— Baba watoto, kahawa yako inapoa, alisema Mama Birika.

Hapo akaja mama mmoja ambaye hawakumzoea, mshonaji, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Mkononi alishika kitu kilichofungwa kwenye kitambaa.

— Salama hapa?

— Salama, mama. Karibu.

— Ndipo kwa Deki hapa? Mwanangu yuko mbali, amenitumia diski hii. Anasema mjukuu wangu ameanza kutembea, yumo humu ndani. Nami sina mashine ya kuichezea.

— Pole mama, alisema Waya. Mashine zake bei kali. Subiri kidogo, itashuka.

— Ikishuka mjukuu atakuwa ameshaoa. Sikuja kununua, baba. Nauliza tu. Miaka yote nyinyi mnakodisha kanda. Mashine yenyewe hamkodishi?

Wembe akamtazama Waya. Waya akatazama ndani ya kikombe. Deki alikula na kulea watoto kwa kuwakodishia watu vitu wasivyoweza kununua, lakini wazo la kukodisha mashine halikuwahi kumpitia akilini. Aliinuka ghafla, benchi likainama, akaingia ndani. Alitoka amekumbatia boksi, gunia lingali juu.

Mama Birika aliweka birika chini.

— Baba watoto.

— Naam.

— Hilo umelitoa wapi?

— Mke wangu… ndiyo mabati yenyewe haya.

Mama Birika alilitazama boksi, akamtazama mumewe, kisha akamtazama yule mama aliyeibana diski kifuani.

— Dada, televisheni unayo?

— Ninayo.

— Utairudisha lini?

— Kesho asubuhi, kabla sijakaa kwenye cherehani.

— Chukua. Lakini kodi utanipa mimi, si huyu. Kodi zote nashika mimi mpaka jikoni kwangu paezekwe.

— Sawa, mke wangu, alisema Deki, na aibu na furaha vikamjaa pamoja.

— Kesho naikodi mimi! alisema Wembe.

— Wewe si ulikataa chunusi?

— Nataka kuzihakikisha.

— Kesho ni yangu! Mimi fundi, lazima niikague kama hailipuki.

Wakabishana mpaka Wembe aliponyoosha kikombe na kukuta hakuna wa kummiminia. Birika lilikuwa tupu. Mwenye birika alikuwa mbali barabarani na mshonaji, wamelishika boksi huku na huku, wanakwenda kumwona mtoto akitembea.

— Sasa kahawa?

— Subirini, alisema Deki, akichutama mbele ya jiko la mkewe. Leo napika mimi.

Ilitoka chungu mno, nao wakainywa yote.