Ofisi ya Sebuleni

Kwenye treni, mbele yangu, mzee mmoja alikuwa akimgombeza jirani yake wa kiti, binti mhasibu. Hawakuwa wamejuana hata nusu saa, lakini alimgombeza kama baba mzazi.

"Umeacha mshahara wa uhakika ukafungue ofisi sebuleni? Mwanangu, u mzima kweli?"

Binti akawaka. "Mzee wangu, miaka tisa nimekagua hesabu za kiwanda cha mikate, sijawahi hata kukanyaga pale! Nikimaliza, bosi wa kampuni yetu ya ukaguzi anatia sahihi yake. Jana nimemwelewesha fundi cherehani vitabu vyake mpaka akapiga vigelegele. Uhasibu nimeupenda upya!"

"Vigelegele vinaliwa?"

"Na sahihi ya bosi je?"

Treni ikasimama. Mzee akauzuia mlango kwa fimbo ili binti apite na mafaili, huku akimfokea, "Utajuta!"