Bi Mastura na Mama wa Dirishani

Leo Jumamosi, 30 Novemba 1963. Asubuhi kulipita manyunyu mafupi, na kabla ya saa mbili bati la ukumbi lilikuwa limeshakauka. Leo Bi Mastura binti Boga anastaafu, baada ya miaka kumi na sita na miezi saba katika Ukumbi wa Ustawi wa Wafanyakazi hapa Chaani, Changamwe.

Aliandikwa kazi tarehe 28 Aprili 1947, kufagia. Mwaka uliofuata akapewa mlango, na hapo ndipo wengi wetu tulipomjua: mwanamke mfupi mwenye buibui, mkono mmoja unakata tiketi, mwingine umemshika sikio mtoto aliyetaka kupenya bure. Mwaka 1956 filamu iliposhika moto ndani ya chumba cha mashine, hakupiga kelele. Alitangaza kwamba chai ya bure iko tayari uwanjani. Watu mia mbili na kumi na wawili walitoka bila hata kukanyagana. Wapo ambao mpaka leo wanadai chai yao.

Lakini jina lake halitatajwa Changamwe bila kumtaja Bwana Koti. Hivyo ndivyo tulivyombandika jina yule jasusi wa sinema za Kiingereza, kwa sababu havui koti hata jangwani. Sinema zake ni saba sasa, na hakuna anayezijua kwa majina ya kwenye karatasi. Sisi tunasema Ya Treni, Ya Theluji, Ya Mapacha, Ya Daraja, Ya Dirisha, Ya Nyambizi na Ya Jangwa. Kila mpya inapofika, mashabiki hukusanyika mbele ya ubao wa mlangoni kuzipanga upya, ipi ya kwanza, ipi ya mwisho. Bi Mastura ndiye mshika chaki.

Ubao huo ulikuwa na safu mbili, ya wanaume na ya wanawake, kwa kuwa wanawake wana onyesho lao peke yao, Alhamisi saa tisa alasiri. Wanaume waliweka Ya Treni juu kabisa, na Ya Dirisha chini ya zote. Wanawake waliweka Ya Dirisha ya kwanza, na haikushuka hata siku moja.

Ugomvi wa ubao huo ulikuwa burudani kuliko sinema zenyewe. Bwana Dishon, karani wa bohari ya mafuta, alikuwa akisimama pale na kuuliza, "Sinema gani ya jasusi haina hata mlipuko mmoja?" Naye Mwanatatu, muuza mahamri wa Miritini, alimjibu bila kugeuka, "Nyinyi waume mwapenda kinachopasuka tu. Chukua puto, ukae nalo nyumbani."

Sababu ya safu mbili kutofautiana ilianza Alhamisi, 19 Juni 1958. Siku hiyo Ya Dirisha ilikuwa ikionyeshwa wanawake kwa mara ya kwanza, na sauti ikakatika dakika ya kumi. Karisa, fundi wetu wa mashine, alihangaika na nyaya bila mafanikio. Ndipo Bi Mastura aliposimama kando ya kitambaa cha sinema na kuanza kuwasemea watu waliomo ndani yake. Kiingereza chake alikipata Kilindini, alipokuwa yaya wa watoto wa Wazungu, kwa hiyo kilikuwa Kiingereza cha kulea. Maadui wa Bwana Koti waliambiwa wakae chini, wasiguse, wanawe mikono. Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia.

Kisha ikafika ile picha ya dirisha. Mama mzee amesimama ghorofani, Bwana Koti anapita barabarani chini yake, wala hainui kichwa. Ni chini ya dakika moja. Bi Mastura akamsemea yule mzee: "Pita, mwanangu. Usitazame juu, wasije wakakujua. Umekonda, lakini u hai. Yatosha."

Hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo, hata sauti ilipotengenezwa, wanawake walitaka ipunguzwe na Bi Mastura asimame. Onyesho lao la mara moja kwa mwezi likawa la kila wiki. Kwao sinema zote saba zikawa habari ya mama anayemngoja mwanawe. Wanaume hawakuwa na habari hiyo, maana wao walizitazama kwa sauti zake zenyewe.

Mwezi Septemba mwaka huu kamati iliamua kwamba kabla hajastaafu, safu mbili ziwe moja. Ya Dirisha ingeonyeshwa kwa wote pamoja, pazia likiwa katikati, kisha kura. Bwana Dishon, aliyekwisha kusikia habari ya mama kwa wanawake, akatangaza mlangoni, "Mama wa jasusi hayumo. Yule ni mpangaji tu."

Bi Mastura aliingia ofisini na kufunga mlango. Alituambia Dishon hakukosea. Yale maneno aliyatunga mwenyewe siku ile kwa kuona aibu ya kimya, na kwa miaka mitano amekuwa akikesha kila usiku wa kuamkia Alhamisi, akiyarudia asije akayabadilisha, akiogopa siku ya kuumbuka. "Nimewadanganya watu wangu," alisema. "Sitaki kuondoka nao wakiwa wamedanganyika." Alimwomba Karisa asiipunguze sauti picha ya dirisha itakapofika. Yeye angesema mengine yote, lakini penye dirisha angekaa kitako.

Jumamosi iliyopita ukumbi ulijaa pande zote mbili za pazia. Dirisha lilipofika, Bi Mastura alikaa. Mama mzee akasimama pale juu, kimya. Bwana Koti akaanza kupita. Na upande wa wanawake, kulia mwa pazia, sauti zikaanza, moja, tatu, kisha safu nzima: "Pita, mwanangu. Usitazame juu." Waliyasema yote mpaka "Yatosha", pole pole, bila kukosea neno.

Taa zilipowashwa, Bi Mastura alitaka kuwaomba radhi. Mwanatatu hakumpa nafasi. "Mdomo wa yule mama haufunguki, dadangu. Kwani sisi hatuna mato? Tulijua tangu siku ya kwanza. Tulikuwa twaja kukusikiza wewe."

Kura zilihesabiwa hadharani. Ya Treni ya kwanza, Ya Dirisha ya pili, kwa tofauti ya kura tatu. Bwana Dishon amekataa kusema alipigia ipi, ila alionekana akimwomba Bi Mastura amwandikie yale maneno. Alijibiwa aje kuyasikia Alhamisi, nje ya dirisha.

Bi Mastura, kwa mlango uliolindwa, kwa chai ambayo haikuwako, na kwa mama uliyetupa, wafanyakazi wenzako wote wanasema ahsante. Chaki tumeiweka mahali pake, na kiti chako cha mbele hakitakatiwa tiketi. Mungu akupe afya kwako Chaani, na wajukuu wenye masikio magumu.

Alhamisi hii uliwasemea mara ya mwisho, na ulipofika kazini ulituambia kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo hukurudia neno lolote. Uliswali Isha, ukala, ukalala saa mbili na nusu. Tunakuombea usingizi wa saa hiyo, kila siku.