Mita Ishirini za Sura ya Mama

Kona yetu ina benchi moja, birika moja la kahawa na wajuaji watatu: Futi, fundi cherehani asiyevua utepe shingoni, Rada, mtengeneza redio, na mimi, ambaye kazi yangu ni kubisha. Siku hiyo jua lilikuwa la kusinzia, ila Futi hakuwa na raha. Mama yake ameanza kusahau njia. Juzi alitoka kumwaga maji tu, akaja kuonekana stendi, anamsubiri mume aliyezikwa zamani. Futi akanunua kamera mbili, akatuuliza zitafunika mtaa kiasi gani.

Mama mwenyewe tulikuwa naye, anapuliza kahawa yake. Rada akasema kinachohesabiwa ni pale sura inapotambulika, maana kivuli kila mtu anacho. Basi Futi akatundika roli la uzi kwenye msumari wa benchi, akampa mama ncha.

— Mama, nenda nao polepole. Kila hatua kumi geuka. Tutakuita urudi.

— Haya, baba.

Hatua kumi, akageuka, akatuchekea. Ishirini, bado ni yeye. Thelathini, sura ikawa ya mtu yeyote.

— Mita ishirini hizo, akasema Rada, na Futi akaanza kupiga hesabu chini kwa chaki yake. Kamera inaona robo ya duara. Mita za mraba mia tatu na kumi na nne.

Nikabisha: ukuta wa kinyozi unakata duara, toa nusu. Futi akashika kichwa. Rada akataka tuipandishe kamera kwenye tangi la maji, ione mtaa. Mimi nikasema mnara wa simu, ione mji. Rada akafumba macho.

— Tuiweke kwenye wingu lile. Hapotei mama wa mtu tena.

Tukalitazama wingu. Lilikuwa zuri, jamani, hata kubisha nikasahau.

Muuguzi wa nyumba ya pili akapita akitoka zamu, akasimama kutusalimu kama siku zote.

— Hamjambo? Na mama hajambo?

Salamu ya kila siku, jibu lake hata mtoto analijua. Tukageuka tumtazame mama kwanza. Mtaa ulikuwa mtupu mpaka mwisho, na kikombe cha mama kilikuwa bado kinafuka mvuke.

Kwenye msumari, roli la uzi lilikuwa linazunguka, taratibu. Futi akainuka, akaupitisha uzi kiganjani bila kuuvuta, asije akaukata, akaanza kuufuata.