Maisha ya Milimita, Mkereza Vyuma Aliyegombea Ubunge

Ndugu yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, saa nne asubuhi, katika chumba cha tatu cha nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni. Chumba kilikuwa na sakafu ya saruji, dirisha moja na bati lisilovuja. Nasema hivyo kwa sababu zipo karatasi nyingine zinazopita mikononi hapa makaburini, zenye picha za rangi, zinazosema alizaliwa kwenye kibanda cha udongo. Walioandika udongo huo hawakuwepo. Mimi dada yake mkubwa nilikuwepo, nina miaka minane, na ndimi niliyetumwa maji ya moto.

Alikuwa mtoto wa nne na wa mwisho. Baba yetu alikuwa mkereza vyuma katika karakana ya pampu, yaani alisimama kwenye mashine inayozungusha chuma kwa kasi huku kisu kikikichonga mpaka kifikie kipimo. Mwaka 1962, asubuhi yenye baridi, baba alivaa glavu. Mashine ikaikamata ile glavu, vidole vitatu vikaenda nayo. Wakamfanya bawabu wa karakana hiyohiyo, na mama akaingia kufagia ofisi. Kila fundi aliyepita getini amevaa glavu baba alimsimamisha: "Vua. Mkono ukichubuka utapona. Glavu ikishikwa, unaondoka nayo." Tangu hapo hakuna aliyesimama kwenye mashine ile na kitu mkononi mpaka karakana inafungwa.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya mtaa wetu kuanzia 1966 hadi 1972, kisha chuo cha ufundi miaka mitatu. Mimi niliishia darasa la tatu baba alipoumia, nikabaki na wadogo. Basi yeye akirudi shule alinifundisha alichofundishwa. Alichukua chaki ya baba ya kuchorea vyuma, akaandika nyuma ya mlango wa jikoni, mimi nakoroga sufuria huku nakariri. Siku moja, ana miaka tisa tu, alizipima herufi zangu kwa rula akasema, "Dada, hii a yako imelala." Nikamwambia, "Imechoka kama mimi, iache." Akaifuta, akanirudisha mwanzo. Haya mnayoyasikia nimeyaandika kwa mkono huo aliounyoosha yeye.

Aliingia karakana tarehe 5 Januari 1976, kwenye mashine ya baba. Jina la Milimita alipewa na wenzake, kwa kuwa alitembea na rula ya chuma mfukoni na hakukubali neno la mtu kabla hajapima. Mwaka 1988 walimchagua mwakilishi wao. Karakana ilipofungwa Juni 1999 alifungua kibanda chake cha kuchonga vipuri, na 2004 akachaguliwa diwani. Mtaro ule wa maji machafu mnaufahamu. Mkandarasi alikuja na suti akasema kina ni sentimita sitini. Diwani wetu akavua viatu, akashuka, akapima, akatoa kichwa: "Mzee, kimepungua milimita hamsini na mbili. Zimekwenda wapi?" Ulichimbwa upya. Alirudishwa kwa kipindi cha pili, hadi 2014.

Watu husema siasa zilimfuata. Si kweli, alizifuata yeye, na mimi nilimkataza. Nilimwambia, wanaokuja na gari mpaka mlangoni hawaji kukusalimia. Akacheka tu.

Alioa tarehe 20 Julai 1985, akamwoa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Nilimshuku huyo mwanamke miaka miwili mizima. Nilidhani amefuata chumba cha kazini chenye bomba ndani. Nilikosea, wifi, na nakwambia leo mbele za watu, maana nyumbani sitarudia. Walijaliwa watoto watatu: muuguzi, fundi umeme na mwalimu.

Mwaka huu chama kilimsimamisha agombee ubunge. Mwezi wa saba mabango yakabandikwa kila ukuta: yuko kwenye mashine, anatabasamu, amevaa glavu nene za manjano. Nilikwenda kwake siku ileile.

"Hizi za nani?"

"Dada, wanasema bila glavu watu hawatajua kuwa mimi ni mfanyakazi."

"Na wewe ukavaa?"

"Nilikataa. Wamezichora kwa kompyuta."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza," akasema, akageuza uso.

Hilo nimeliandika ili asitokee mtu wa kusema nampaka ndugu yangu mafuta.

Kifua kilianza kumsumbua Februari. Daktari alisema ni vumbi la chuma la miaka ishirini na mitatu, mapafu yamekauka. Alilazwa tarehe 21 Septemba. Tarehe 2 Oktoba wakamwekea mpira mdomoni, mashine ikawa inampumulia, na toka saa hiyo hakutoa sauti wala hakufumbua macho. Wifi na mimi tulipokezana kitandani, hatukukiacha kiti kipoe. Alifariki Jumapili tarehe 6 Oktoba 2019, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sitini na miezi sita.

Jumanne mchana alikuja nyumbani Katibu wa chama na wenzake wawili. Walileta mahema, viti vyeupe mia mbili, na karatasi hizo za rangi.

"Shangazi," akasema, "tumekupunguzia kazi. Wewe ni kusoma tu."

"Shangazi yako nani? Mimi sina mtoto wa kaka mwenye koti la namna hiyo."

Wifi akanifinya. Nikaomba nisomewe mwisho kwanza. Mwisho ulisema kwamba Ijumaa tarehe 4 marehemu alimwita Katibu kitandani, akamwachia kazi yake kwa mdomo wake mwenyewe. Tena ulisema kwamba leo, hapa kaburini, mimi nitamvika Katibu ovaroli ya marehemu mbele yenu, ili awe mgombea badala yake.

"Alikwambia kwa mdomo?" nikamuuliza.

"Kwa mdomo wake, Shangazi."

"Ule wenye mpira?"

"Shangazi, mimi na Milimita tulikuwa zaidi ya ndugu. Nimefanya naye kazi karakana, miaka ile ya tisini. Mashine moja! Asubuhi za baridi tulikuwa tunagawana jozi moja ya glavu, yeye mkono wa kulia, mimi wa kushoto."

Wifi, ambaye tangu walipofika alikuwa upande wa mahema, aliinua kichwa. Sote tulijua karakana hiyo ameitoa wapi. Ameitoa kwenye bango.

"Baba," nikamwambia, "hebu nyoosha vidole nivihesabu."

Akanyoosha, maskini. Vilikuwa kumi.

"Basi hukuwahi kufika."

Mwenzake mmoja akaanza kukunja uso. "Bibi, tuheshimiane. Mahema haya ni ya chama."

Nilikuwa nimeshafungua kinywa, lakini wifi alinitangulia. "Basi yakunjeni," akasema. "Na viti mvihesabu wenyewe, msije mkasema kimoja kimebaki kwa mjane."

Ndiyo maana leo mmekalia viti vya majirani, kila kimoja na kimo chake, na jua linawapiga utosini. Mtuwie radhi. Lakini mjue mmekaa kwa ndugu yenu, hamkukaa kwenye mkutano wa mtu.

Ovaroli ya marehemu ameivaa marehemu. Niliifua Jumatano, wifi akaishonea kifungo, tukamvika sisi wawili, na jeneza limefungwa. Kiti cha ubunge hakuwahi kukikalia, kwa hiyo hakuwa na kiti cha kumwachia mtu. Anayekitaka akakiombee kura kwa jina alilopewa na mama yake.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Hao ndio wote. Kama yupo amesimama hapo nyuma akingoja kutajwa, orodha imekwisha.

Mdogo wangu apumzike kwa utulivu. Aliyotaka kuyasema aliyasema akiwa hai, na hakuna atakayemsemea mengine.