Lavender Kemuma Hakuugua kwa Muda Mfupi

Nilikuwa nafua sare za shule za wajukuu wangu nyumbani kwangu Ekerenyo, asubuhi ya Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, shule zikiwa zimefungwa na mimi nikitaka nguo ziingie sandukuni safi hadi Januari, simu ikalia, na sauti iliyotoka ndani yake ilikuwa ya mkwe wangu Mogire. Ninyi wa hapa mnajua maana yake. Kwa desturi yetu ya chinsoni, ile heshima inayomweka mkwe mbali na mama mkwe, Mogire amekuwa miaka yote akipitisha maneno yake kwa mwanangu Omosa, hata akitaka kuniuliza tu kama mvua imenyesha huko kwetu, na mtu haachi desturi kwa jambo dogo. Alisema, "Mama, Lavender ameanguka kazini." Niliacha nguo kwenye povu.

Kwa desturi hiyo hiyo sikupaswa kusimama hapa Mosocho, katika boma la mkwe wangu, na kusoma mbele ya wanaume wa ukoo wake. Historia ya marehemu ya kusomwa leo ilikuwa imeshaandikwa na upande wa mume, kwa nia njema, nikapewa niipitie, na mahali pa ugonjwa nikakuta pameandikwa kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Nikauliza maneno hayo yametoka wapi, nikaambiwa ndivyo huandikwa. Nikasema basi hii nitaandika mimi. Mogire alikuwa ameangalia ukuta, akaitikia kwa kichwa, na hiyo ndiyo ruhusa niliyo nayo.

Marehemu Lavender Kemuma alizaliwa tarehe 14 Aprili 1988 huko Ekerenyo, Kaunti ya Nyamira, kifungua mimba wangu mimi Persis Bitutu na marehemu mume wangu Abner Nyakundi, akazaliwa nyumbani kwa sababu barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, na akaitwa Kemuma kwa bibi yake mzaa baba. Hakuwa mtoto wa kubembelezwa. Alikuwa mtoto wa kuuliza, ukimtuma dukani anataka kujua kwa nini yeye na si Omosa, na ukimjibu kwamba ni kwa sababu yeye ndiye mkubwa, anakuuliza mkubwa atapumzika lini.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwetu kuanzia mwaka 1995 hadi 2002, akaenda shule ya bweni ya wasichana upande wa Kisii mwaka 2003, akamaliza kidato cha nne mwaka 2006 kwa alama ya B ya juu, nasi tukauza ndizi Kebirigo kila siku ya soko hadi akaingia chuo cha uuguzi mwaka 2008, akahitimu mwaka 2011. Alifanya kazi ya uuguzi katika hospitali moja ya Nyamira kuanzia Februari 2012, wodi ya akina mama, na huko walimwita Matroni kabla hajafikia cheo hicho, kwa namna alivyokuwa akiwafukuza wageni waliokaa juu ya vitanda vya wagonjwa. Baadaye alirudi masomoni jioni na likizoni, akapata shahada ya afya ya umma mwaka 2021.

Alifunga ndoa na Mogire, mwalimu, siku ya Jumapili tarehe 16 Desemba 2012 katika kanisa letu la Waadventista Ekerenyo, na Mungu akawajalia watoto watatu, Sharon aliyezaliwa mwaka 2013, Abner mwaka 2016, na Nyabuto mwaka 2021. Wako hapa mbele. Mogire alikuwa mume mwema kwake, hilo naliandika kwa sababu ni kweli na kwa sababu mimi sina mazoea ya kuwasifu wakwe.

Mwezi wa Machi 2023 aliajiriwa katika utafiti wa chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja, ingawa wakubwa wake wamekaa pale kwenye viti vya buluu. Nieleze kazi yenyewe ili kila mtu aelewe. Ulikuwa utafiti wa ustawi wa wafanyakazi wa hospitali katika Kisii na Nyamira, wauguzi, wafagizi, wapishi, watu wa mochari, kujua kama kazi inawaumiza, na walikuwa wameungana watu wa udaktari wa kupima presha na sukari, watu wa maadili wa kuangalia kwamba hakuna anayedhulumiwa, na watu wa mambo ya waajiriwa. Lavender alikuwa wa kwenda kuwahoji wafanyakazi hao, na alifurahi sana, alisema kwamba kwa mara ya kwanza mtu anamuuliza muuguzi hali yake badala ya muuguzi kuuliza ya wengine.

Swali la kwanza lilikuwa hilo hilo la hali. Waliliandika kwa Kiingereza, wakaligeuza kwa Kigusii, likawa "Naki ore?", nalo hapa kwetu si swali, ni salamu. Mgusii ukimuuliza hivyo anajibu "Nde buya", yaani niko salama, hata akiwa na maiti ndani ya nyumba, kwa sababu ndiyo adabu, na habari yenyewe anaitoa baadaye, mkishakaa, chai ikishamiminwa. Lakini watafiti walipewa tableti na idadi ya watu wa kuhojiwa kila siku, mtu akisema "buya" unabonyeza kwamba yuko vizuri, na aliyeko vizuri anarukishwa maswali yanayofuata. Ndivyo hospitali nzima zilivyoonekana ni salama, wauguzi wanaolala wamesimama wakaandikwa kwamba wana ustawi.

Lavender aliliona kosa hilo katika wiki ya kwanza, akalipeleka kwa msimamizi wake, Profesa Ratemo, ambaye ni Mgusii kama sisi na amekua akijibu "buya" kama sisi. Alimwambia lugha imepitishwa na kamati ya maadili na haiwezi kubadilishwa. Lavender akaanza kuwarudia watu kwa wakati wake, Jumapili na jioni, akiacha salamu na kuuliza jambo ambalo halina jibu la adabu, mara ya mwisho ulikula ukiwa umekaa ni lini. Aliniambia watu walikuwa wanalia, wengine wanacheka kwanza. Mfagizi mmoja wa Kisii mjini, Mariam Gulled, ambaye yuko hapa leo na alikuja kuwa rafiki yake, alimjibu, "Kukaa? Dada, mimi kiti nakifagilia tu chini yake."

Sasa nifike kwenye ugonjwa. Baada ya kumzaa Nyabuto mwaka 2021, Lavender alibaki na presha. Hiyo ni miaka minne, si muda mfupi. Alikuwa na dawa, alikuwa na maumivu ya kichwa, miguu ilivimba, na alikuwa na mkataba wa miezi mitatu mitatu ambao mtu akiomba likizo ya ugonjwa hauongezwi. Walipima presha ya kila mtu katika hospitali hizo, mashine ilikuwa ndani ya mkoba wake mwenyewe, ila aliyeibeba hakuwa wa kupimwa. Sheria zao za maadili zinamlinda anayehojiwa, wanamwita mshiriki. Chuo kinamlinda mwajiriwa. Yeye hakuwa mshiriki, na kwa sababu ya mkataba hakuwa mwajiriwa. Nilimwambia aache, akasema, "Mama, nikiacha, ile ripoti itasema watu wako sawa." Nilimwambia na iseme. Alinikasirikia, tukakaa wiki bila kuongea, na mimi bado naona nilikuwa nimesema kweli.

Agosti mwaka huu ripoti ilikuwa tayari, ikisema hivyo alivyoogopa, kwamba wafanyakazi wengi wana ustawi mzuri na hakuna haja ya kuongeza watu. Akakataa jina lake kuwekwa miongoni mwa waandishi. Alikataa kwa mdomo mbele ya wenzake na akakataa kwa maandishi, na kuanzia hapo akawa anapewa vituo vilivyo mbali kimoja na kingine, Ekerenyo leo, Kisii kesho, Kebirigo keshokutwa.

Siku hiyo ya Alhamisi alikuwa Kisii, kwenye benchi nje ya wodi, na Mariam, na ni Mariam aliyetueleza. Aliona Lavender anajipangusa uso, akamuuliza, "Na wewe, Matroni? Umekula?" Lavender akacheka, akasema, "Mimi si mshiriki, dada, usiniharibie utafiti." Halafu neno lililofuata halikutoka sawasawa, mdomo ukaenda upande mmoja, na Mariam akamdaka kabla hajagonga sakafu. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi, hakuzungumza tena, akafariki Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, alasiri, mimi nikiwa nimeshika mguu wake kwa sababu mikono ilikuwa na mipira ya dawa.

Jana, Jumanne, Profesa Ratemo alifika katika boma hili na watu wawili, wakaleta unga, sukari na shada la maua, tukawashukuru, wakapewa chai. Chai ilipokwisha akasema ripoti inatoka Januari, na chuo kingependa kumheshimu Lavender kwa kuliweka jina lake kati ya waandishi, na ukurasa wa mbele kuandikwa kwamba kazi hiyo ni kumbukumbu yake, ila kamati ya maadili inataka idhini ya familia. Baadhi ya wazee walifurahi. Mmoja aliniambia, "Mama Omosa, jina la mtoto linafika hadi Ulaya, sisi ni nani wa kulizuia?"

Nikamuuliza Profesa ni ripoti gani, ile inayosema watu wako salama?

"Mama, mambo ya utafiti yana lugha yake ngumu."

"Mimi nilimaliza kidato cha nne. Sema polepole."

Akasema matokeo ni matokeo. Nikamwambia marehemu alikataa akiwa hai, na kwa maandishi.

Akainamisha kichwa, akasema kwa upole kabisa, "Alikuwa amechoka, mama. Alikuwa amechoka sana, hakuwa anafikiri vizuri."

Watu wote waliokuwa ndani ya nyumba hii walisikia. Nilimwambia jibu atalipata leo, tarehe 19 Novemba, mbele ya watu, na nashukuru kwamba amekuja kulichukua.

Profesa, ulijua kwamba amechoka. Umesema mwenyewe, na hukuhitaji tableti wala kamati kulijua. Ulimwona amechoka ukamwongezea safari, na ripoti ambayo unataka kuiandikia jina lake inasema hakuna aliyechoka. Mtu hawezi kuwa amechoka kiasi cha kutosikilizwa na wakati huo huo awe mzima kiasi cha kutumwa Kebirigo. Chagua moja. Idhini ya familia hampati. Mimi nakataa, na Mogire anakataa, ameniruhusu niseme kwa niaba yake na amesimama pale, mnamwona. Jina la Lavender Kemuma lisionekane kwenye karatasi hiyo, mwanzo wala mwisho, wala kwa shukrani. Na wale aliowarudia kwa wakati wake, walioko hapa, kama mnataka kusema mliyomwambia, waandishi wa habari wa redio wako nje ya lango, nimewaomba wasubiri, na Mariam amesema atatangulia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, ambao nilijionea wakiunganisha zamu ya usiku na ya mchana na bado wakamgeuza mwanangu kwa utaratibu. Tunawashukuru majirani wa Mosocho waliochimba kaburi mvuani, majirani wa Ekerenyo waliochuma chai yangu nilipokuwa hospitali, kanisa, walimu wenzake Mogire, na jamaa wa Mariam waliokuja kutoka mjini na sufuria ya pilau bila kuuliza sisi ni wa dini gani. Wafanyakazi wenzake wa utafiti, ninyi vijana wa mkataba mliokaa nyuma kwa hofu ya kuonekana, tunawashukuru pia, na nawaomba mkapimwe presha.

Lavender, mwanangu, lala. Hakuna atakayekutuma mahali.

Tukitoka kaburini sisi wa nyumbani tutaingia ndani. Mama yake Mogire amenipa jiko lake leo, kuna ugali wa wimbi, kuku na mboga za chinsaga, na ni mimi nitakayepakua. Jioni hii Sharon atakaa karibu nami, Abner karibu na Omosa, Nyabuto atakula mapajani mwa baba yake, na mimi na mkwe wangu tutakula chumba kimoja, chinsoni itusamehe kwa siku moja. Nitawahesabu kabla sijaketi. Tutakuwa saba, pamoja na mama wa nyumba hii, na wote tutakuwa tumefika.