Mama Usumani na Mji Usio na Ugomvi

Baada ya miaka ishirini na minne ya kupanda basi Nyabugogo asubuhi na kurudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope, Bi Aidah Mukandekezi anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026. Hapa ofisini Muhima hakuna anayethubutu kumwita Bi Aidah. Sote humwita Mama Usumani, kwa jina la kifungua mimba wake, na huyo Usumani mwenyewe akipita kutusalimu humwita "Mkuu".

Wenye digrii walipoombwa kuandika wasifu huu kwa kijarida chetu, ghafla kila mmoja akawa na ripoti ya dharura. Wanamwogopa. Basi kazi ikaniangukia mimi, Shema, dereva wa pikipiki ya ofisi, niliyeachana na shule kabla shule haijaniacha. Wamefanya la maana. Nimembeba mama huyu kwenye matope mara nyingi kuliko dereva yeyote wa Kigali, na mtu ukishambeba kwenye matope, huhitaji wasifu wake, unao. Kuhusu Kiswahili changu, msinisumbue. Kijarida hiki kinaandikwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo ofisi nzima tunaikosea sawasawa.

Mama Usumani ni mtoto wa mtaa wa Biryogo, wa ukoo wa mafundi cherehani. Husimulia kwamba babu yake alitoka pwani kwa miguu akiwa na cherehani kichwani, na kila anaposimulia, cherehani inaongezeka uzito. Juzi wakati wa chai ilikuwa imefika ile ya meza, yenye kanyagio.

Alianza kazi kwetu, kwenye kituo hiki cha msaada wa sheria, mwaka 2002, mapokezi. Hakudumu hapo. Watu waliokuja kumwona mwanasheria walikuwa wakimweleza yeye kila kitu mlangoni, wakilia, wakinywa chai yake, kisha wanaenda zao nyumbani wamepona. Mwanasheria akabaki ndani anasoma gazeti. Wakubwa wakaona mdomo ule unapotea bure mjini, wakampeleka Rukaragata.

Kwa wasioijua, Rukaragata ni mji mdogo wa mashambani, wa barabara moja, makanisa mawili, msikiti mmoja, na saluni nyingi kuliko vichwa. Kituo chetu kina kazi mbili huko. Ya kwanza ni meza ya sheria: kila Alhamisi mwanasheria wetu, Maître Silvère, huketi kwenye chumba nyuma ya duka la mbolea na kushauri watu bure. Ya pili ni takwimu: kila mwaka tunakusanya hesabu za mji, kaya ngapi, watoto wangapi wameandikishwa, vyoo vingapi, magomvi mangapi. Mama Usumani alizibeba kazi zote mbili kwenye mkoba mmoja, pamoja na chapati zake. Ndiyo maana sheria ya ardhi ya Rukaragata inanukia jikoni. Kile kitabu chake cha sheria ya urithi kina mafuta kiasi kwamba ukifungua ukurasa mmoja unasoma na wa nyuma yake.

Silvère atasema mwenyewe siku ya sherehe, lakini acha niseme kabla yake: mama huyu alikuwa akiwaahidi watu vifungu ambavyo bado havijatungwa. Mtu akilia kidogo tu, anaambiwa, "Nyamaza, sha, sheria iko." Halafu Silvère Alhamisi anatoa jasho akiitafuta hiyo sheria.

Kwenye takwimu alikuwa jeshi. Mwaka wa hesabu ya vyoo aliingia kila nyumba akiuliza, "Hapa choo mnacho?" Watu wa Rukaragata wana adabu. Mgeni akiuliza choo, hawezi kuwa anauliza kwa ajili ya serikali. Walimpa maji, wakamwonyesha njia, wakageuka kuangalia upande mwingine. Mwanzoni alijaribu kueleza. Baadaye akachoka, akawa anaingia tu. Ripoti ile ndiyo pekee katika historia ya kituo ambayo kila choo kimekaguliwa kwa ndani.

Lakini sifa yake kubwa, aliyoivaa kama kitenge kipya, ilikuwa sufuri.

Ilikuwa hivi. Hesabu ya ugomvi aliikusanya siku ya umuganda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambapo mji mzima hutoka na majembe kuzibua mitaro na kupanda miti. Kazi ikiisha, watu huketi kwenye nyasi kwa mkutano. Hapo Mama Usumani alisimama na sauti yake ile isiyohitaji kipaza sauti, akauliza, "Nani hapa ana ugomvi na jirani?" Watu wakayaangalia majembe yao. Jirani yuko hapo hapo, ameketi, ameshika jembe. Utasema nini? Kisha Sibomana, mkuu wa mudugudu, yaani kiongozi wao wa kijiji, akainuka kwa niaba ya wote: "Nta kibazo, hakuna tatizo, Mama! Hapa iko amani tu, rwose, kabisa!" Makofi. Mama Usumani akaandika sufuri.

Sibomana alikuwa na sababu ya kuipenda sufuri. Kwenye ahadi za kazi ambazo viongozi hutia sahihi kila mwaka, alikuwa ameahidi kwamba kwake hakutakuwa na ugomvi hata mmoja. Na meza ya Alhamisi haikumwangusha. Foleni ilikuwepo, ndefu, lakini kila aliyefika mbele ya Silvère alisema amekuja kuuliza kwa niaba ya rafiki yake. Silvère, mtu wa karatasi, akaandika: maswali ya jumla.

Mwaka wa kwanza sufuri. Wa pili sufuri. Wa tatu Mama Usumani akawa hatembei tena, anaelea. Wageni wakija ofisini wanasimuliwa mji usiojua ugomvi, kana kwamba aliwafunda yeye mmoja mmoja.

Ndipo Jumatatu moja ya mwaka juzi, mkurugenzi wetu Bwana Clovis akafungua kikao kwa tabasamu. Akampongeza Mama Usumani mbele ya wote. Kisha akasema kwa upole kwamba mji usio na ugomvi hauhitaji mwanasheria, kwa hiyo mwisho wa mwezi ujao meza ya Rukaragata itafungwa na kuhamishiwa mahali ambapo watu wanagombana inavyotakiwa.

Mama Usumani alikuwa na andazi mdomoni. Lilikaa hapo hapo. Mimi nilikuwepo mlangoni na ninaapa: ni mara ya pekee ofisi hii imesikia saa ya ukutani.

Alijua kitu ambacho Clovis hakukijua. Katika ile foleni ya "rafiki zangu" kulikuwa na mjane anaitwa Béatha, muuza uji wa mtama. Mumewe alipofariki, shemeji yake alipanda ua wa miti mpakani mwa mashamba yao. Ule ua ulikuwa unatembea. Kila msimu wa mvua mche mpya unapandwa hatua moja ndani ya shamba la Béatha, na mche wa zamani unakauka kwa bahati mbaya. Ulikuwa umekula mtama, umekula maharage, sasa ulikuwa unaliangalia jiko. Silvère alikuwa katikati ya kumwandalia madai yake kwa siri. Meza ikifungwa, Béatha angebaki na mlango mmoja tu wa kubisha, wa mkuu wa mudugudu. Na mkuu wa mudugudu, Sibomana, ndiye shemeji mwenyewe.

Mama Usumani alirudi Rukaragata kesho yake, nikimpeleka mimi kutoka barabara kuu. Njia nzima hakuongea, nikadhani ameanguka. Alipita nyumba kwa nyumba na swali lile lile: mna ugomvi? Nta kibazo, Mama. Karibu uji. Nyumba kumi, uji kumi, ugomvi hakuna.

Nyumba iliyofuata akabadilisha swali. Akaketi, akapokea uji, akauliza, "Na hawa majirani zenu, wao wanagombana na nani?"

Ndugu zangu! Mwenye nyumba alisogeza kiti. Mke akaacha sufuria motoni. Bibi aliyekuwa amelala chumbani akaamka na tarehe. Kumbe mtu wa Rukaragata hawezi kukuambia ugomvi wake hata umning'inize, lakini wa jirani anao wote, na anajua nani alianza. Kufikia Ijumaa Mama Usumani alikuwa na ugomvi mwingi kuliko kaya za mji. Mbuzi, mifereji, mahari, jogoo anayewika upande usio wake, muumini aliyehama kanisa na kiti cha watu.

Akaweka yote mezani kwa Clovis. Clovis akasoma, akavua miwani. "Mama, hii ni takwimu au ni vita?" Kisha akasema jambo la haki, hata mimi nakiri: haya ni maneno ya watu juu ya watu, hayawezi kwenda kwenye ripoti. Akatoa nafasi moja. Atakuja mwenyewe kwenye umuganda. Akipatikana mtu mmoja tu wa kusema kwa mdomo wake, mimi nina ugomvi, meza itabaki. Na sharti: Mama Usumani asifungue mdomo.

Tuliokuwa na imani tukaipoteza hapo.

Siku ilifika. Clovis akaja na viatu vyeupe, akapewa jembe na mtaro wenye maji. Baada ya kazi watu wakaketi kwenye nyasi. Mama Usumani alikaa karibu na Béatha, ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio, jasho linamtoka kama anayebeba gunia. Clovis akauliza swali lake. Watu wakayaangalia majembe. Sibomana akainuka, akakohoa.

"Nyakubahwa Mkurugenzi, nta kibazo. Hapa hatujui ugomvi. Mimi mwenyewe nitoe mfano. Ndugu yangu alifariki, Mungu amrehemu, lakini mimi na shemeji yangu Béatha, yule pale, tunaishi kama maziwa na asali."

Angenyamaza kabla ya maziwa, meza ingefungwa. Béatha hakupanga kusimama. Alipanga kuvumilia kama wengine. Ila kicheko kilimtoka, kile cha puani, na ukishacheka mbele ya mji mzima lazima ueleze.

"Shemeji," alisema, "hayo maziwa ya ng'ombe gani?"

Watu wakaacha kuyaangalia majembe, wakamgeukia. Hata watoto.

"Mimi ndiye Béatha, na sio rafiki yangu, ni mimi. Nina ugomvi. Ua wa huyu mzee unatembea. Mvua ikinyesha unahama, na sio kwake unahamia, ni kwangu. Mwaka huu umefika jikoni. Mwakani nitaamka nitaukuta kitandani!"

Clovis akamgeukia Sibomana. Sisi tulitegemea mzee akane. Lakini mtu akitajwa hadharani, damu huenda mahali pengine.

"Na kuku zako je?" Sibomana akapaza sauti. "Kuku zako zimekula mtama wangu misimu miwili! Mimi nimenyamaza! Kwa sababu ya amani!"

"Mtama upi? Ule uliopanda kwangu?"

"Kwa hiyo ugomvi upo?" Clovis akauliza.

"Upo, Nyakubahwa! Andika! Na andika kwamba mimi ndiye niliyekosewa kwanza!"

Hapo mji ukafunguka kama mtaro. Mzee mmoja akasimama kusema kwamba kama ni kukosewa, Sibomana asubiri, yeye alikosewa kabla yake. Mwenye jogoo akasimama. Aliyehama kanisa akasimama, na mwenye kiti naye. Clovis alibaki katikati, viatu vyeusi sasa, akiandika hadi kalamu ikakauka, akaomba nyingine. Ndipo Mama Usumani akaondoa mtandio mdomoni akamwuliza kwa upole kabisa, "Mkurugenzi, nikusaidie?"

Meza haikufungwa. Alhamisi iliyofuata wa kwanza kwenye foleni alikuwa Sibomana, amekuja na kiti chake. Silvère aliwakalisha yeye na Béatha kutwa nzima, akafukua mawe ya mpaka ya tangu enzi ya marehemu, wakakubaliana: ua urudi kwenye mawe, kuku wafungiwe. Na mwezi uliofuata kazi ya umuganda Rukaragata ilikuwa moja tu. Mji mzima ulitoka na majembe, ukang'oa ule ua mche kwa mche na kuupanda tena ulikostahili, huku Sibomana akitembea mbele yao na filimbi, akiwahimiza wafanye haraka, kana kwamba wazo lilikuwa lake. Béatha alipika uji wa wote. Sibomana alikunywa vikombe viwili na kulalamikia sukari.

Hiyo ndiyo kazi anayotuachia Mama Usumani. Rukaragata sasa wanagombana wazi, kila Alhamisi, kwa foleni, na ripoti yetu ina namba ambazo mtu anaweza kuziamini. Shallon anayechukua nafasi yake ameshafundishwa kila kitu: swali la kuuliza, uji wa kukataa, na mahali chapati zinapokaa kwenye mkoba.

Asante, Mama, kwa miguu yako, kwa sauti yako, na kwa siku ile uliyoweza kunyamaza. Kazi ngumu kuliko zote uliifanya ukiwa umekaa. Kaa sasa Biryogo kwako, kula vizuri, lala mpaka jua lichoke kukungoja. Sisi wote wa Muhima tunakutakia siku nyingi njema, afya ya kutembea, wajukuu wasiokusikiliza, na jirani mmoja wa kugombana naye kidogo kidogo, damu isipoe.